Kiti Kilichovutwa Mbele

Bisibisi alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya seli, miguu ameiegemeza ukutani, kama mtu aliyekuja kupumzika kwa shangazi yake. Inspekta alipofungua kidirisha cha mlango, hakuinuka.

"Afande mama," alisema, "kama umeniletea chai, niwekee hapo. Kama umeniletea kesi, rudi nayo."

"Kesi unayo tayari. Saa nane unapelekwa mahakamani."

"Kwa redio tu?"

"Kwa mtu aliyekufa."

Hapo akainuka. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, na jina la Bisibisi alilipata kwa sababu hapakuwa na redio ya gari mtaani ambayo hakuwahi kuilegeza skrubu zake. Alikuja mpaka kwenye kidirisha, na kwa kimo chake yalionekana macho tu.

"Mimi mwizi, sikatai. Mama yangu mzazi nikienda kumsalimu anafunga kabati kwanza ndiyo anaitikia. Lakini kuua? Kila mtu na fani yake, afande. Lile gari nimelikuta limeegeshwa nyuma ya ghala, taa imevunjika, mwenyewe hayupo. Nikatoa redio, nikatoa na kile kirungu cha gia kinachong'aa, nikaenda zangu. Kuendesha sijui. Ningejua kuendesha ningekuwa naiba redio?"

Inspekta alikuwa katika kazi hii tangu enzi za taarifa kuchapwa kwa taipu, na viapo alikuwa amevisikia vya kila rangi. Hiki alikiamini, na kukiamini kulimchosha. Polisi asiyemwamini mwizi hurudi nyumbani mapema. Anayemwamini ana kazi ya kufanya, na yeye magoti yalikuwa yanamuuma tangu alipoamka.

Mkuu wa kituo alimpokea kwa mkono ulioinuliwa, kama anayesimamisha gari.

"Aliyekutwa na ngozi ndiye mwizi wa ng'ombe," alisema. "Redio amekutwa nayo anaiuza. Mwenye gari ni mfamasia, mtu na heshima zake, amekuja mwenyewe kuripoti kwamba ameibiwa, ufunguo aliusahau ndani. Mwuza mikate kagongwa jana alfajiri akiwa kwenye baiskeli yake, kafia njiani kwenda hospitali, ana mke na watoto na mtaa mzima unanipigia kelele. Unataka nini tena, dada yangu?"

"Nataka mpaka saa nane."

"Nimekupa. Unaipoteza kwa kusimama hapa."

Gari lilikuwa uani, Subaru ya bluu iliyoinama karibu kugusa ardhi, boneti yake ina tundu la kuvutia hewa na sailensa yake ina mdomo kama bakuli la uji. Taa ya kushoto ilikuwa imepasuka, na kwenye ubavu wa mbele palikuwa na mchubuko mweusi wa mpira wa mpini wa baiskeli. Inspekta alilizunguka taratibu. Swichi ya ufunguo haikuwa imevunjwa wala kuchokonolewa. Hilo alilitarajia, maana ufunguo ulisemekana kuachwa ndani. Kilichomsimamisha ni kiti cha dereva.

"Kaa hapo," alimwambia koplo wake.

Koplo, ambaye ndiye dereva wake na mwenye kazi ya kumchekesha siku zinapokuwa mbaya, alijaribu kuingia. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho wa reli na mgongo wake umesimamishwa wima. Magoti ya Koplo yaligonga dashibodi, usukani ukamkaba kifuani.

"Aliyeendesha hili alikuwa analibusu kioo," alisema akihangaika kutoka. "Mtu mfupi huyo."

"Mfamasia si mfupi. Nimemwona alipokuja kuripoti."

"Basi aliyeiba ndiye mfupi. Bisibisi mfupi, afande."

"Ndiyo," alisema Inspekta bila furaha. "Bisibisi mfupi."

Chini ya kiti, Koplo alipapasa akatoa kichupa cha plastiki kama kidole gumba, mdomo wake wa kudondoshea tone moja moja, lebo imebanduka, ndani mmebaki tone. Alikinusa akasema ni dawa ya mafua. Inspekta alikitia kwenye mfuko wa ushahidi, akakisahau kwa muda.

Nyuma ya ghala palikuwa mahali pa kuficha gari hasa. Upande mmoja mgongo wa ghala lenyewe, upande wa pili ukuta mrefu wa matofali, katikati uchochoro wa vumbi usiopitwa na mtu asubuhi. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na kibanda cha fundi cherehani, mama mmoja mnene aliyekuwa na pini mdomoni na hakuona sababu ya kuzitoa ili kuongea na serikali.

"Nililisikia," alisema. "Nani asingelisikia? Lilikuja linanguruma kama lina ugomvi na mtu. Mimi naanza kazi mapema, nilikuwa napinda suruali ya mteja."

"Likazima?"

"Thubutu! Lilisimama tu. Mngurumo ukashuka, ukawa wa chinichini, likabaki hivyohivyo. Nimepinda mguu wa kwanza, nimehamia wa pili, linanguruma tu. Nikasema huyu naye anamsubiri nani huko nyuma na panya? Halafu ndiyo likazima. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa polepole, kama mtu aliyetoka kulaza mtoto."

"Mlango ulifunguliwa mara ngapi?"

Mama alifikiri. Alitoa pini moja. "Mara moja. Baada ya kuzima."

"Kwa hiyo alikaa ndani muda wote huo."

"Kama si yeye basi ni pepo lake. Halafu nikauona mkono."

"Mkono gani?"

"Juu ya ukuta pale. Mkono wa mtu umeshika juu ya tofali, unatambaa, unakwenda, unakwenda, mpaka mwisho wa ukuta. Yeye simwoni, nauona mkono tu. Nikajua kalewa. Alfajiri yote ile! Nikamwombea."

"Vidole tu au kiganja?"

"Kiganja chote, mwanangu. Kimelala hivi." Akalaza mkono wake mnene juu ya mashine.

Inspekta alirudi uchochoroni, akasimama chini ya ukuta upande ule uliokuwa na gari, akanyoosha mkono. Ncha za vidole viwili ziligusa tofali la juu. Koplo alimzidi kimo, naye alifikisha vidole bila kiganja.

"Bisibisi hata akisimama juu ya ndoo hafiki," alisema Koplo.

"Hafiki."

"Lakini kiti..."

"Nakijua kiti," alisema Inspekta, akakaa juu ya tofali moja kupumzisha goti. "Mtu mrefu anayekaa kama mfupi. Ametoka kugonga mtu, anakimbia, halafu anafika mahali pa kujificha na badala ya kuruka na kutokomea, anakaa ndani ya gari linalowaka. Mwenye akili timamu hafanyi hivyo."

"Alikuwa anamsubiri mwenzake."

"Mwenzake hakuja. Mlango ulifunguliwa mara moja, na mkono ulikuwa mmoja." Aliinuka kwa shida. "Tuwaulize wanaoyajua haya magari. Mfamasia alisema lilikuwa gereji kabla ya kuibiwa. Gereji yenyewe ipo wapi?"

Koplo alinyoosha kidole. Ilikuwa pale pale, mwisho wa ukuta, ukikata kona. Mtu angeweza kufika kwa miguu bila kuvuka barabara.

Gereji ya Fundi Sikio haikuwa ya watu wenye magari mabovu. Waliokuja pale walikuwa na magari mazima, na dhiki yao ilikuwa kwamba hayakuwa na wazimu wa kutosha. Asubuhi hiyo ya siku ya kazi walikuwapo wanne, wamezunguka injini iliyofunguliwa kama wafiwa waliozunguka jeneza, ila hawa walikuwa na furaha. Mmoja alikuwa amebadilisha mabomba yote ya moshi, mwingine ameagiza tabo kubwa zaidi kutoka Japani na alikuwa akiipakata.

"Mke wangu ameniambia nihamishie godoro huku," alisema mwenye tabo, na wenzake wakacheka kicheko cha watu walioambiwa maneno hayo hayo.

Inspekta alijitambulisha. Kabla hajauliza lolote, gari jeupe liliingia kutoka barabarani kwa kishindo, likasimama karibu yao. Dereva, mwalimu wa hesabu ambaye wenzake walimwita Mwalimu, hakushuka. Injini iliendelea kunguruma chinichini. Alishusha kioo, akatoa kiwiko nje, akatulia.

Inspekta alisubiri. Mwalimu naye alikuwa anasubiri.

"Huyu anamsubiri nani?" aliuliza hatimaye.

Walicheka wote. "Anaisubiri tabo ipoe, afande!"

"Niambieni kama mnamwambia mtoto."

Mwalimu alimweleza palepale dirishani, maana kufundisha kulikuwa kwenye damu. "Tabo ni kama feni. Moshi wa injini unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa ipate nguvu. Ukitoka kukimbia inakuwa nyekundu, sigara unawashia. Ukizima ghafla, oili inasimama mle ndani, inaungua, inaganda kama ukoko wa sufuria. Leo hutaona kitu. Siku ya siku, tabo imekufa. Kwa hiyo unakaa, unaiacha ingurume taratibu mpaka ipoe, ndiyo unazima."

"Na ukiwa na haraka?"

"Hakuna haraka hiyo." Mwalimu alicheka kwa aibu kidogo. "Mke wangu aliposhikwa na uchungu wa kujifungua, nilimkimbiza hospitali. Tukafika mlangoni, nikamwambia atangulie, mimi naipoza tabo. Mtoto sasa anasoma, na mama yake hajanisamehe."

Koplo alimtazama Inspekta, Inspekta akatazama sakafu. Alihisi lile jambo likikaa mahali pake, na hakulifurahia. Bisibisi asingeipoza tabo. Hakuna mwizi duniani ambaye angeipoza tabo ya mtu mwingine huku nyuma yake kuna mtu aliyemgonga.

"Nani aliwafundisha?"

"Fundi," walisema kwa pamoja. "Usipoipoza, Fundi hakupokei tena hapa."

Fundi Sikio alikuwa ndani, ameinama juu ya injini nyingine na kipande cha bomba la mpira sikioni kama daktari. Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yamepinda kwa miaka ya kuinamia boneti. Msaidizi wake, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, alikaa mbele ya kompyuta iliyounganishwa na gari kwa waya.

"Nisomee," alisema Fundi.

"Joto liko sawa. Presha inapanda, inapanda, inayumba."

"Nimeisikia ikiyumba. Kuna mahali panavuja, silinda ya tatu." Alitoa bomba sikioni. "Nani kaja?"

"Polisi, mzee," alisema Inspekta.

"Karibu, dada. Kazi zetu hizi, mkono mchafu." Aliunyoosha mkono kusalimia, akaunyoosha kando kidogo, na Inspekta akaufuata akaupata. Koplo hakusalimiwa mpaka alipokohoa, ndipo Fundi akageuka: "Ah, mpo wawili."

Aliulizwa kuhusu gari la mfamasia. Alijibu bila kusita, huku kiganja chake kikipapasa mezani, kikapita juu ya koleo, kikapita juu ya nyundo, kikasimama kwenye spana aliyoitaka.

"Lilikuwa hapa siku kadhaa, nalifanyia tyuni, injini ivute vizuri. Likaisha. Jioni kabla ya hilo balaa mwenyewe alikuja akalichukua. Muulize."

"Majaribio barabarani anafanya nani?"

"Wenyewe wenye magari," alisema Fundi. "Mimi nasikiliza tu."

Msaidizi wake aliacha kuandika kwenye kompyuta. Aliacha kwa muda mfupi sana, kisha akaendelea.

Mfamasia aliitwa kituoni kabla ya adhuhuri. Alikuja akitoa jasho, mtu mrefu mwenye tumbo lililomtangulia kila alipokwenda. Ndiye wa kwanza aliyekuja akilini mwa Inspekta tangu gereji. Gari ni lake, tabo ni yake, mafunzo anayo, kimo anacho. Mtu akigonga na gari lake, dawa ya kwanza ni kusema limeibiwa. Mambo mengi huwa hivyo tu, na Inspekta angependa siku moja iwe hivyo tu, akapumzike.

"Kaa kwenye gari lako," alimwambia. "Usiguse kiti."

Mfamasia alijaribu. Aliingiza mguu, akaingiza bega, akavuta pumzi, akalivuta na tumbo. Usukani ulilizuia tumbo mlangoni. Alijaribu kuingia kinyumenyume. Koplo aligeuka akatazama mti.

"Basi, toka usije ukakwama tukatafuta fundi," alisema Inspekta. "Kiti hiki nani alikivuta?"

"Si huyo mwizi? Mnasema ni mfupi."

"Mwizi hakufika juu ya ukuta. Wewe hukufika kwenye usukani." Alitoa mfuko wa ushahidi, akauweka juu ya boneti. "Hiki tulikikuta chini ya kiti. Ni nini?"

Mfamasia alikitazama kile kichupa. "Sijui."

"Hukijui?"

"Chupa tu. Inaweza kuwa kitu chochote."

"Bwana mfamasia," alisema Inspekta kwa upole wa mtu aliyechoka, "koplo wangu hapa alidhani ni dawa ya mafua, naye ana haki, maana yeye ni koplo. Wewe unauza vitu hivi tangu ujana. Leo unakutana na kichupa cha dawa ya macho, unasema hukijui?"

Mfamasia alifuta jasho. Kisha akaegemea gari lake mwenyewe, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na hakuwa anajibu swali lolote.

"Pale gereji ndipo watu wanapopatia riziki, mama. Msaidizi wa Fundi ana watoto. Wake mwenyewe bado wanasoma. Na hakuna mwingine. Nimezunguka kote, hakuna anayeweza kuisikia injini kama yeye. Wanaona namba kwenye kompyuta, lakini yeye anajua inataka nini."

"Macho yake yana nini?"

"Presha. Presha ya macho. Pembeni hapaoni kabisa siku hizi, na katikati panafifia."

"Ulimpeleka hospitali?"

"Alikataa. Alisema ikijulikana, nani atamwachia gari? Nikawa nampa matone."

"Na funguo."

Mfamasia aliitikia kwa kichwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine, aliyekuwa anapeleka mikate. Inspekta alifikiri hivyo, akakasirika, akampa Koplo ishara washike njia. Mfamasia aliambiwa akae kwenye benchi la mapokezi na asithubutu kushika simu.

Kabla hawajatoka getini, Mkuu aliita kutoka dirishani. "Umepata nini?"

"Dereva."

"Jina kwenye karatasi?"

"Bado. Nipe muda kidogo baada ya saa nane."

"Sina muda wa kugawa. Karani anayepokea kesi akishafunga, hafungui tena mpaka wiki ijayo, na Bisibisi akishasomewa shtaka la kuua hatoki gerezani leo wala kesho, unajua mwenyewe. Maneno sitaki. Niletee mtu amesimama kwa miguu yake kabla gari halijaondoka."

Koplo aliendesha kama wale wa gereji. Inspekta hakumkemea.

Fundi Sikio alikuwa peke yake kwenye chumba cha ndani. Gari jeupe la Mwalimu lilikuwa kwenye mashine ya magurudumu, ile inayoruhusu gari kukimbia likiwa limesimama, na chumba kizima kilikuwa na joto na harufu ya chuma. Lilikuwa limetoka kukimbizwa. Sasa lilinguruma chinichini. Nje mlangoni walisimama Mwalimu, mwenye tabo na msaidizi, wakijifanya wanazungumza.

"Mzee, nimerudi," alisema Inspekta. "Nina picha moja tu nataka uitazame."

"Leta, dada."

Alimpa karatasi. Fundi aliipokea, akaigeuza kuelekea dirishani, akaisogeza karibu na uso, akaishusha. Alichukua muda wake, kama mtu anayetaka kuwa na haki.

"Hapana," alisema. "Huyu kijana simjui. Hajawahi kufika hapa."

Koplo alivuta pumzi. Karatasini hapakuwa na kijana. Palikuwa na baiskeli iliyopinda, kapu lake la nyuma limepasuka, na mikate imetapakaa barabarani.

"Mzee," alisema Inspekta, "hiyo ni baiskeli."

Fundi hakuangusha karatasi. Aliikunja vizuri mara mbili, akaitafuta meza kwa mkono, akaiweka.

"Mfamasia kasema?"

"Kiti kimesema. Unakivuta mpaka kioo kikuguse pua, magoti umeyapanua huku na huku, ili uone mstari wa barabara. Na ukuta wa ghala umesema, maana mtu mzima mrefu hatembei akishika ukuta kama hana sababu. Mfamasia kaongezea tu."

"Alfajiri barabara huwa tupu," alisema Fundi. "Siku zote huwa tupu. Gari linabidi lisikilizwe likiwa na mzigo, likipanda kilima. Kwenye hii mashine halisemi yote. Nilikuwa nalisikiliza, likawa linaimba vizuri, sijawahi kulisikia vizuri vile. Halafu kitu kikagonga."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Wallahi, dada, sikumwona. Nilidhani ni sanduku limeanguka kutoka kwenye lori. Nilipunguza mwendo. Kioo kilikuwa wazi. Nikamsikia."

"Ulisikia nini?"

"Anaita mama yake."

Wale wa mlangoni walikuwa wameacha kujifanya.

"Daktari ameniambia alikaa pale mpaka watu walipoamka," alisema Inspekta. "Angewahiwa, angeishi. Mguu na mbavu, na damu iliyoachwa itoke. Wewe ulikuwa na gari linalokimbia kuliko gari lolote la wagonjwa hapa mjini."

"Niliogopa. Wakijua siioni barabara, yameisha yote."

"Ukaenda nyuma ya ghala. Ukakaa ndani ya gari, ukasubiri tabo ipoe."

Kwa mara ya kwanza Fundi alionekana kushangaa, kana kwamba jambo hilo hakuwa amelifikiria.

"Sikusubiri," alisema polepole. "Nilitaka kuzima nikimbie. Mkono ulikataa. Miaka yote hii sijawahi kuzima injini ya moto. Mkono ulikataa tu."

Inspekta alikuwa amewakamata watu wabaya katika maisha yake, na angempa chochote yule ambaye angemletea mmoja sasa. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa amelipatia gari subira aliyomnyima mtu, na hata sasa hakuona tofauti. Ilimuuma, na kuumwa huko kulimchosha kuliko magoti.

"Twende, mzee."

"Nakuja. Acha kwanza hii ipoe." Aliinamisha kichwa kuelekea gari la Mwalimu, akasikiliza. "Imetoka kukimbia sasa hivi. Kidogo tu, dada, halafu popote utakaponipeleka nitakwenda kwa hiari yangu. Mwenyewe akizima hivi sasa ataiua."

Aliomba kwa adabu, kama anavyoomba mtu anayejua haombi kikubwa. Mwalimu pale mlangoni alitikisa kichwa kukubali, bila kufikiri.

"Kituoni kuna mtu yupo seli badala yako," alisema Inspekta. "Wanampakia garini muda huu tunaoongea. Yeye nani anampoza?"

Alipita mbele ya Fundi, akaingiza mkono kwenye dirisha la gari jeupe, akazungusha ufunguo.

Injini ilikatika. Fundi alishtuka mwili mzima, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama anayetaka kudaka kitu kinachoanguka, na machozi yakaanza kumtoka. Alipokuwa akimtaja mwuza mikate hayakutoka. Inspekta aliyaona, na hasira ikampanda, halafu nayo ikachoka ikashuka.

Chuma kilikuwa kinalia ti, ti, ti, ndani ya boneti. Watu wa mlangoni walipisha njia, wote wanatazama chini, na msaidizi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia mafuta.

"Mshike mkono, Koplo," alisema Inspekta kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Kuna ngazi hapo mlangoni. Haioni."